Namba tatu bila korosho tatu

Juzi hapa Mikindani mtoto wa kaka yangu, miaka mitano, alinionyesha daftari lake la awali. Kurasa mbili nzima za namba 3, zote zimefuatishwa juu ya vidotidoti, safi kabisa. Nikamsifu. Kisha nikamwambia aniletee korosho tatu kwenye ungo. Akarudi na kiganja kimejaa.

Sisemi kufuatisha ni kubaya. Mkono wa mtoto lazima ufundishwe njia, na anayedhani kuandika ni kazi ya kichwa tu hajatazama vidole vya mtoto wa miaka minne vikihangaika na penseli. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka kama mitatu, msalaba kama minne, pembetatu karibu na mitano. Sasa wa miaka mitatu na nusu unampa ukurasa wa namba 8, mstari unaojikata wenyewe katikati! Ni kumwonea.

Kinachonikera zaidi ni kwamba vidotidoti vinaonyesha namba ilivyo ikishakamilika, haviambii mkono uanzie wapi. Huyu wangu 5 anaianzia chini mkiani, anapanda nayo, kisha anarudi kuivisha kofia. Kwenye karatasi hujui, unaweka vema tu. Mchangani unamwona. Maji yakipwa, mchanga wa ufukweni hubaki na unyevu na kushika mstari, mkavu unajifukia. Akikosea anafuta kwa kiganja, hakuna kifutio cha kuchana karatasi. Maria Montessori, mwalimu wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma mwaka 1907, alikata namba za karatasi ya msasa ili watoto wazipitishie vidole. Sisi msasa tunaukanyaga kila siku.

Halafu namba iwe na mali yake. Amechora 3, aweke korosho tatu chini yake, moja moja, kwa kidole gumba na cha shahada, akihesabu kwa sauti. Kule kudonoa ndiko kunakokomaza vidole vya kushika penseli. (Ziwe kavu, na asizibangue, mafuta ya ganda yanababua, huku nani asiyejua? Anayetia kila kitu mdomoni asipewe kabisa.) Msimu ukiwa mbali, azima komwe za bao kwa wazee. Bao zima lina kete 64, hawatakosa kumi za kukuazima.

Tulipofika kumi na mbili, akaandika 102. Wifi yangu alicheka sana. Mimi niliona mtoto ameandika alichosikia: kumi, halafu mbili. Kufuatisha 12 mara hamsini kusingemsaidia hapo. Nikampangia fungu la korosho kumi, na mbili pembeni, nikamwambia fungu zima tunaliandika kwa moja. Akalitazama muda mrefu, akarudi kwenye mchanga, akaifuta ile sifuri. Pengo akaliacha vilevile, 1 kule na 2 huku. Tuliondoka maji yalipoanza kujaa.