Acheni kumwambia mgonjwa kwamba kuzidiwa ndo kupona

Nimesikiliza meseji ya sauti ambayo rafiki yangu alitumiwa na mtu anayemuuzia matone ya mitishamba, na mpaka sasa hivi ninavyoandika hasira haijanishuka. Huyu rafiki aliumwa na kupe akapata Lyme, ugonjwa wa bakteria wanaoletwa na kupe, akapewa antibayotiki ya doksisaiklini akamaliza dozi yake vizuri, lakini uchovu na maumivu ya viungo vikagoma kuondoka, ndo akaanza matone. Baada ya muda akaanza kuwashwa mwili mzima, mkojo ukageuka wa kahawia, chakula hakipandi. Akamwambia muuzaji. Jibu lililokuja: hongera sana dada, hiyo ni herx, bakteria wanakufa kwa wingi ndo maana unajisikia vibaya, ongeza dozi kidogo unywe na maji mengi sumu itoke.

Hongera! Mtu mkojo wa kahawia anapewa hongera.

Alipoenda kupimwa ini lilikuwa limeumia, vimeng'enya vyake viko juu sana. Akaacha matone, taratibu vikashuka, sasa yuko sawa. Na kabla hamjaanza, simlaumu yeye hata kidogo. Ukiwa umechoka miezi na miezi, kila mtu anakwambia vipimo viko safi, alafu akatokea mmoja anayekusikiliza na kukuita dada, utamwamini tu. Mimi nagombana na ile sentensi. Ile ya "ukizidiwa ujue inafanya kazi". Ningeweza kuifuta kwenye midomo ya watu wote ningeifuta leo.

Maana wanaichukua kwenye jambo la kweli kabisa, hapo ndo panaponiuma. Mmenyuko wa Jarisch-Herxheimer, ndo hiyo herx kwa kifupi, upo. Adolf Jarisch aliueleza mwaka 1895, Karl Herxheimer na mwenzake wakaueleza tena 1902, wote walikuwa madaktari wa ngozi wanaotibu kaswende kwa zebaki, wakaona mgonjwa akianza tu dawa vipele vinawaka na homa inapanda. Bakteria wa kaswende na wale wa Lyme, Borrelia burgdorferi, ni wa kundi moja, wale wa umbo la kujizungusha kama skrubu. Dawa ikiwaua kwa mkupuo vipande vyao vinamwagika, kinga ya mwili inashtuka, mtu anapata homa, kutetemeka, kichwa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio na presha inaweza kushuka. Kwenye homa ya papasi, ile ya kujirudiarudia, mmenyuko huu ni wa kawaida sana, unaweza kuwa mkali mpaka ukaua, ndo maana mgonjwa anaangaliwa kwa karibu akishapewa dozi ya kwanza. Kwenye Lyme changa unawapata wachache tu na kwa kawaida ni mwepesi.

Sasa sikilizeni hapa, maana hiki ndo wauzaji hawakisemi. Huo mmenyuko una muda wake. Unaanza masaa machache baada ya dozi ya KWANZA ya antibayotiki, ndani ya siku moja, na kwa kawaida siku moja hivi ukishapita umeisha. Haukai wiki tatu. Hauanzi mwezi wa pili. Hauji na mkojo wa kahawia wala macho ya manjano wala ngozi inayowasha usiku kucha. Mtu ambaye yuko kwenye matone muda wote huo na kila wiki anaona ya jana afadhali, hiyo siyo herx, anaumwa kitu kingine, na hicho kitu kina jina na kinatafutwa na daktari.

Alafu hebu angalia hiyo sentensi inavyomfunga mtu. Akipata nafuu, dawa inafanya kazi. Akizidiwa, dawa inafanya kazi sana. Asipoona mabadiliko yoyote, ooh bakteria wamejificha, ongeza chupa nyingine. Hakuna hali hata moja ambayo mgonjwa ataruhusiwa kusema hii kitu hainifai. Dawa ya kweli unaweza kuikuta imeshindwa, unapima, unaona haijasaidia, unabadilisha. Hii haishindwi kamwe, anayeshindwa ni mgonjwa, eti hakuvumilia.

Na kuzidiwa katika magonjwa ya kupe ni habari. Ni taarifa muhimu kuliko zote ambazo mgonjwa anaweza kumpa daktari wake! Kupe mmoja anaweza kumwachia mtu Lyme na babesia kwa pamoja, na babesia siyo bakteria, ni kimelea kinachoingia kwenye seli nyekundu za damu na kuzipasua, doksisaiklini haikiwezi, matibabu yake ya kawaida ni atovakwoni pamoja na azithromaisini. Kwa hiyo mtu ametibiwa Lyme vizuri lakini homa na jasho vinaendelea na damu inapungua, hiyo inatakiwa imrudishe kwa daktari mbio akapimwe damu. Ukimwambia vumilia sumu inatoka umemfungia mlango. Kwa mzee, au mtu aliyeondolewa bandama, au mwenye kinga dhaifu, babesia inaua. Kuharisha sana baada ya antibiotiki nako kunaweza kuwa ni bakteria mwingine, C. difficile, anayeshamiri utumbo ukishafagiliwa, na huyo naye anatibiwa kwa dawa zake. Vipele na kuvimba midomo inaweza kuwa aleji ya hayo matone yenyewe. Green chiretta kwa mfano, mmea mchungu unaowekwa kwenye matone, inapendwa sana na watu wa Lyme, Australia mamlaka ya dawa imeshatoa tahadhari kwamba inaweza kuleta aleji kali ya kutishia maisha. Na uchovu usioisha unaweza kuwa tezi ya shingo, upungufu wa damu, usingizi mbovu, vitu vinavyopimika. Yote haya yanafunikwa na neno moja la hongera.

Haya, najua nitakachoambiwa. Eti nadharau mitishamba. Sidharau. Artemisinini imetoka kwenye mmea, Artemisia annua, na Tu Youyou wa China akapewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Lakini angalieni alivyofanya huyo mama: dondoo la kwanza kwanza halikuwa la kuaminika, akagundua joto linaharibu kile kitu chenyewe, akabadilisha namna ya kukamua, wakajaribu kwa panya na nyani, na 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kuona kama ni salama kabla ya kumpa mgonjwa. Hakuna aliyemwambia mgonjwa ukijisikia kufa ujue inafanya kazi.

Na kuna ule utafiti wa 2020 wa watu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao, ule unaotupwa kila mahali. Nimeusoma na kwa shingo upande nakubali unavutia. Waliweka dondoo za mimea kwenye vyombo vya maabara pamoja na bakteria wa Lyme, na Cryptolepis, mmea unaotumika Ghana kutibu malaria, na mmea mwingine, ile Japanese knotweed, vilifanya vizuri, kwa wale bakteria waliozeeka wagumu vikaizidi hata doksisaiklini. Sawa. Lakini ni kwenye chombo cha maabara. Kwenye chombo hata klorini inaua vizuri sana. Dondoo ikishamezwa inapita tumboni, inapita kwenye ini, inabaki kiasi gani kwenye damu, inafika kwenye kiungo kinachouma au haifiki, dozi ya kuua bakteria ni ndogo kuliko dozi ya kuumiza ini au ni kubwa kuliko, hayo yote utafiti ule haukuyajibu na wenyewe waliandika kwamba inabidi ijaribiwe kwa wanyama na kwa watu. Na utafiti huohuo uliona mmea wa stevia, green chiretta na yale maji yenye chembe za madini ya fedha havikufanya chochote cha maana, mbona nusu hiyo hamuisambazi? Bado mnaviuza.

Hapa niwape haki yao watu waliokata tamaa na hospitali. Kuna wanaobaki na dalili baada ya Lyme kutibiwa, wanakadiriwa kama 5 mpaka 10 kati ya kila 100, hawajifanyishi, wanaumwa. Na wengi wamejibiwa vibaya na madaktari, wameambiwa ni mawazo, wameambiwa wapumzike. Hilo ni kosa na ndilo linalowasukuma kwa wenye matone. Ila jibu halikuwa kuongeza antibayotiki kwa miezi pia, maana imejaribiwa, Marekani 2001 na Uholanzi 2016, watu wakagawanywa wengine dawa wengine vidonge visivyo na dawa, na hali zao zikatoka sawasawa. Kwa hiyo kuna pengo kweli. Kinachosaidia kwa sasa ni kazi ya polepole ya kutibu usingizi, maumivu, mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo kwa kadiri ya mtu, na kutafuta magonjwa mengine. Haiuziki kwenye chupa, naelewa.

Jambo jingine, na hili linawapata hata wanaotumia vitu visivyo na madhara. Kama bado uko kwenye doksisaiklini, vidonge vya madini, yaani kalsiamu, magnesiamu, chuma, zinki, ukivimeza nayo pamoja vinaishika tumboni isiingie kwenye damu. Hivyo vidonge vya kuongeza nguvu na kinga karibu vyote vina mojawapo. Mtu anameza antibayotiki kila siku kwa uaminifu huku nyingine inatoka choo bila kufanya kazi, alafu tunasema dawa za hospitali zimeshindwa. Muulize mfamasia uache masaa mangapi katikati, au subiri umalize dozi kabisa, vidonge vya madini havitakimbia. Wenye warfarini nao, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, mitishamba mingi inacheza na damu, hata majani yanayoonekana ya kawaida, usianze kabla hujasema.

Na yale magonjwa ya kupe yanayokwenda kwa kasi, kama Rocky Mountain spotted fever, homa kali ya vipele inayoletwa na bakteria wa kupe, huko hata huu mjadala wa mitishamba usiletwe. Doksisaiklini inatakiwa ianze ndani ya siku 5 za mwanzo, inaanzwa hata kabla majibu hayajatoka, hata kwa mtoto, maana ikichelewa mtu anakufa au anapoteza vidole. Ukiwa na homa baada ya kuumwa na kupe mtu akakushauri uanze na majani kwanza uone, kata simu nenda hospitali.

Kwa ambao mko kwenye matone sasa hivi na hamtaki kuacha, siwezi kuwalazimisha. Naomba jambo moja. Ukienda kwa daktari usiseme tu "natumia mitishamba", beba chupa yenyewe, zote, hata ile iliyoisha, maana kwenye lebo ndo kuna majina ya mimea na kiasi, na mara nyingi chupa moja ina mimea sita au saba. Omba wapime ini na damu. Ikitokea mkojo umekuwa wa kahawia, macho ya njano, unawashwa, unavimba, homa imerudi au pumzi inabana, acha hiyo chupa siku hiyohiyo na uende, na muuzaji akikwambia ni herx muulize: dozi ya kwanza niliimeza lini?