Mgonjwa asirudi nyumbani bila jibu

Nina kisukari, naishi Glasgow, na macho yangu yanaangaliwa vizuri kuliko ya baba yangu mdogo aliyebaki Usambara, ingawa ugonjwa wetu ni mmoja. Watu wa nyumbani wakiniuliza sababu, wengi hutarajia niwasimulie habari za mashine. Siku hizi kila mahali ni akili mnemba: inasoma picha za macho, inamshinda daktari, itamaliza upofu Afrika. Mashine hizo zipo kweli, na nazitaka sana zifike kwetu. Lakini sababu yangu ni tofauti na ile ya wanaoziuza.

Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Mishipa huvuja, mingine huziba, kisha huota mipya iliyo dhaifu ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Mwanzoni hakuna maumivu yoyote. Mtu anaendelea kusoma meseji zake kama kawaida huku retina inaharibika, na siku akianza kuona giza, mara nyingi ameshachelewa. Ndiyo maana picha lazima ipigwe wakati mtu anajiona mzima.

Hapa Uskoti sijawahi kuomba miadi hiyo. Kila mwenye kisukari kuanzia miaka 12 yumo kwenye orodha, na orodha ndiyo inayomtafuta. Barua inakuja, naenda. Mpiga picha ananisomesha herufi ukutani, kisha naweka kidevu kwenye kishikio na paji la uso kwenye ukanda, chumba kikiwa giza. Mwanga unapiga, naona doa la rangi ya waridi linaelea kila ninapotazama, halafu tunarudia jicho la pili. Picha ikiwa na ukungu ndipo wanatia matone ya kupanua mboni, na siku hiyo barabara yote inaniwakia machoni. Majibu huja kwa barua baada ya muda. Tangu mwaka 2011 hivi, programu ya kompyuta huzipitia picha hizo na kuziweka kando zisizo na dalili, ili wataalamu wabaki na zenye shaka. Wagonjwa wengi hata hawajui kama ipo. Kwa wenzetu hawa mashine inawapunguzia wataalamu kazi, basi. Macho yetu yanaokolewa na ile orodha, na barua, na kwamba nisipokwenda naandikiwa tena.

Sasa mtazameni baba mdogo. Kliniki ya kisukari alikuwa anahudhuria, dawa anachukua, sukari inapimwa kidoleni. Macho hakuna aliyeyagusa kwa miaka. Siku moja wakaja wataalamu na kamera, akapigwa picha, akaambiwa daktari wa macho atazisoma, arudi baadaye kufuata majibu. Kurudi maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya shamba imepotea. Hakurudi, na hakuna aliyempigia simu. Alipokuja kufikishwa hospitali ya rufaa, jicho la kushoto lilikuwa limeshajaa damu. La kulia lilipigwa leza, yaani mwale wa mwanga wa kutibu mishipa hiyo, na bado linaona. Inaniuma mno kwamba ile picha ilikuwepo muda wote huo.

Kwa hiyo utafiti wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2022, ulioongozwa na Dk. Wanjiku Mathenge, namsimulia kila anayenisikiliza. Wagonjwa wa kisukari waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa jibu la kompyuta papo hapo, jingine likasubiri picha zisomwe na binadamu. Waliopewa jibu papo hapo, asilimia 51.5 walikwenda kwenye rufaa waliyoandikiwa. Waliosubiri, asilimia 39.6. Bado ni wengi wasiokwenda, lakini hata hiyo tofauti ni watu, na ni macho yao. Mimi naweza kusubiri barua kwa sababu serikali inaijua anwani yangu. Baba mdogo hana barua ya kusubiri, kwa hiyo jibu la palepale linamfaa yeye kuliko mimi.

Wapo wanaosema mashine zilizofundishwa kwa macho ya watu wa mbali hazitayajua ya kwetu. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni kupima. Zambia walipima: mfumo uliofundishwa kwa picha za Singapore ulipewa picha za wagonjwa wa Copperbelt, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha uliwatambua zaidi ya asilimia 92 ya waliohitaji rufaa. Mimi chumba chenyewe ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Google walipopeleka mfumo wao kwenye kliniki za Thailand, ripoti ya mwaka 2020 ilieleza kwamba asilimia 21 ya picha zilikataliwa kwa kutoonekana vizuri. Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha, na intaneti ikilegea foleni nzima inasimama. Anayezijua kliniki zetu, dirisha halina pazia na umeme ni wa kubahatisha, anaelewa mashine itakutana na nini.

Kamera ikae ndani ya kliniki ya kisukari, siku ileile watu wanapofuata dawa. Programu ifanye kazi hata mtandao ukikatika. Mgonjwa aondoke na jibu lake na tarehe ya rufaa, na huko anakotumwa leza iwepo na iwe inafanya kazi. Kumwambia mtu jicho lake linaharibika halafu ukamwacha ahangaike peke yake ni ukatili.

Kwenye chama chetu hapa Glasgow tunachangia misiba na madawati ya shule, na nimeshapendekeza tuongeze mfuko wa nauli za rufaa ya macho. Kamera inaweza kuletwa na mfadhili na ikapigwa picha siku ya kukabidhiwa. Nauli ya mzee kutoka mlimani hadi kwenye leza, sijaona mfadhili anayeikumbuka.