Amani: njia mpya za miguu, au kwanza zikarabatiwe zilizopo?

Milima ya Usambara Mashariki imeinuka ghafla kutoka uwanda wa Tanga, na pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua hapo kabla ya kufika bara. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ina hekta 8,380 za msitu wa milima hiyo. Utalii wa huko ukizungumzwa, pendekezo jepesi ni kuongeza njia za miguu ili wageni wakae zaidi.

Hoja hiyo haipuuziki. Mgeni anayelala siku tatu hulipia chumba, chakula na mwongozaji. Msitu unaopitwa na watu kila siku pia humnyima raha mkata magogo na mchimba dhahabu wa kificho, na Amani imewaonja wote wawili. Tena eneo linalofyekwa ni dogo. Kutoka Sigi, kwenye lango la hifadhi, karibu mita 450 juu ya bahari, hadi Amani penyewe, karibu mita 900, njia yenye mwinuko wa asilimia 10 ingekuwa na urefu wa kilomita 4.5. Kwa upana wa mita 1.2, hiyo ni kama nusu hekta tu.

Hesabu iko sawa, ila haigusi maji wala mwanga. Mwinuko ukizidi asilimia 10 kwa kipande kirefu, mvua za masika huifanya njia kuwa mfereji. Udongo mwekundu huteleza, watu hukwepa tope kwa kupita pembeni, na mita moja huwa tatu. Mwanga ukishapenya, Clidemia hirta, kichaka kilicholetwa kutoka Amerika, huota kandokando. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na tope la viatu nalo hubeba zake. Udongo uliobebwa huishia mto Zigi, ambao ndio unaonywesha jiji la Tanga.

Kwa hiyo ukarabati uanze. Uso wa njia uinamishwe kidogo kuelekea bondeni, kama sentimita 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke. Penye mteremko mkali, gogo au mawe yalazwe kimshazari yakikata njia, na mdomo wa kutolea maji uwe mpana kama majembe mawili. Mdomo mwembamba huziba kwa majani, kisha maji huruka gogo na kuchimba shimo nyuma yake. Kosa hili ni la kawaida mno.

Kona za kupinda, pale njia inapopanda mlima kwa kujikunja, zina shida yake. Mchumaji chai wa mashamba ya jirani mwenye mzigo hana sababu ya kuzunguka. Atakata moja kwa moja, na mkato huo ndio utakaokuwa korongo. Kuweka kibao cha katazo ni kujifurahisha. Ni heri mkato wake ujengewe ngazi za mawe, nazo zihudumiwe kama njia nyingine yoyote.

Zikibaki fedha za njia mpya, zifuate barabara za zamani za magogo upande wa Kwamkoro, ambako uvunaji wa mashine uliendelea hadi miaka ya 1980. Mandhari yake ni duni, mgeni atalalamika, lakini mwavuli wa msitu, yaani matawi ya juu yanayozuia mwanga, ulishafunguliwa. Miteremko ambayo haikuwahi kuguswa na msumeno iachwe bila njia, hata kama ndiyo yenye mwonekano mzuri wa bahari.