Hatumli, ila tunamfukia

Siku za kwanza nilipohamia Entebbe kutoka Busia, mwenzangu kazini alisukuma sahani kando akaniambia, “Hapana mwalimu, mimi ni wa ukoo wa Mamba. Mamba sili.” Nikaitazama sahani. Kilichokuwemo ni kamongo wa mchuzi. Kumbe kwa Waganda huyo samaki ndiye mamba. Yule wetu wa meno wao humwita ggoonya. Tulicheka mpaka chakula kikapoa.

Tangu hapo kamongo amenikaa akilini. Nenda mwaloni asubuhi utamkuta kwenye beseni kavu, mrefu kama mkono wa mtu mzima au zaidi, mapezi membamba kama kamba za viatu, na muda mrefu baada ya kuvuliwa bado anafungua kinywa. Anapumua. Ana mapafu. Sangara angekuwa ameshakufa zamani. Huyu ukimzuia asipande juu kuvuta hewa, anakufa maji, samaki mzima! Jamii yake ina umri wa miaka milioni 400 hivi, dinosaria walimkuta, na aina zilizobaki duniani ni sita tu, nne zikiwa Afrika. Maji yakikauka anaweza kujichimbia topeni, akajifunika ute unaokauka kama karatasi, akalala miezi na miezi akingoja mvua.

Anavumilia ukame, lakini lori la murram, udongo wa kufukia, limemshinda.

Kwenye orodha za kimataifa hajahesabiwa kati ya walio hatarini, na hapo ndipo uvivu wetu unapopata kisingizio. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria tunajua amepungua. Wengi humtupia lawama sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, na kweli sangara ana kesi ya kujibu, waulize furu, wale samaki wadogo aliowamaliza. Lakini kwa kamongo mimi namwona mshtakiwa mwingine kwanza: sisi tunaokausha vinamasi. Kamongo hutaga kwenye mafunjo, na dume ndiye anayebaki kulinda kiota. Hakimbii. Mvuvi anayejua kiota kilipo anamchukua kirahisi, na watoto wote wanabaki bila mlinzi. Halafu anakuja mwenye mpunga, nyuma yake mwenye kiwanja, na kiota chenyewe hakipo tena. Tunasahau pia kwamba kamongo hula konokono, wakiwemo wale wanaobeba kichocho.

Pale Mabamba, kinamasi kilichotambuliwa mwaka 2006 chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, wageni hulipa mitumbwi ili wamwone bbulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Zamani wavuvi walimuua wakiamini kumwona ni mkosi, siku hiyo hupati kitu. Leo wavuvi haohao ndio wanaowapeleka watalii. Nawapongeza. Ila bbulwe anakula nini? Kamongo. Tumejifunza kumthamini mlaji, mlo wake hatuna habari nao.

Uganda tuna kitu ambacho hakuna bango la uhamasishaji linaloweza kukinunua: ukoo mzima, tena mkubwa, unaomheshimu samaki huyu kama muziro wake, yaani mnyama wa ukoo asiyeliwa. Mkuu wake mmoja, Gabunga, ndiye aliyekuwa akisimamia mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ziwani. Kutomla ni heshima, sawa. Lakini jirani yangu mmoja, wa ukoo huohuo, amejaza murram kinamasi nyuma ya nyumba yake na dhamiri haimsumbui hata kidogo, kwa sababu mamba hajamla.

Juzi nikamuuliza yule mwenzangu, kwenye mikutano yenu ya ukoo mnazungumzia vinamasi? Akasema wanazungumzia michango ya mazishi, harusi, na timu ya mpira, maana mashindano ya Bika, yale ya koo za Buganda, hayana mzaha. Nikamwambia basi hapohapo, kabla ya filimbi, mzee mmoja ashike kipaza sauti aseme kwamba anayefukia mafunjo amevunja mwiko sawa na aliyekula. Alinyamaza kidogo.

“Nitalipeleka,” akasema. “Ila wenye viwanja ndio wanaotununulia jezi.”