Galveston, 1900: Lawama ya roho 8,000 ni ya nani?

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1900, watoto wa mji wa Galveston, Texas, walikuwa wakicheza majini katikati ya barabara. Bahari ilikuwa imepanda usiku na kuingia mitaa ya kusini. Mafuriko madogo hayakuwa jambo geni kisiwani hapo, kwa hiyo wazazi wengi hawakushtuka. Wakubwa nao walishuka ufukweni kutazama mawimbi yakivunjavunja nyumba za kuogea. Usiku wa siku hiyohiyo sehemu kubwa ya mji ilisombwa na kimbunga. Waliokufa hawakuhesabika: makadirio yanaanzia 6,000 hadi kufika 12,000, na idadi inayotajwa zaidi ni 8,000, katika mji wa watu wapatao 38,000. Hakuna janga la asili lililowahi kuua watu wengi kiasi hicho katika historia ya Marekani.

Tangu hapo wanaosimulia kimbunga hiki wamegawanyika. Wapo wasemao ni msiba wa zama zile: sayansi ilikuwa changa, bahari haikuwa na macho, na walioshika madaraka walifanya walichoweza. Wapo wasemao watu wale waliuawa na kiburi. Katikati ya mabishano yote amesimama mtu mmoja, Isaac Cline, mkuu wa kituo cha hali ya hewa cha serikali mjini Galveston.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Galveston ni kisiwa cha mchanga, kirefu na chembamba. Mbele yake ni Ghuba ya Mexico, na nyuma yake ni hori inayokitenga na bara ya Texas. Mwaka 1900 mahali palipoinuka kuliko pote mjini palikuwa mita 2.7 tu juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyokuja na kimbunga yalipanda zaidi ya mita 4.5. Ukishaziweka tarakimu hizo mbili pamoja, hesabu inajijibu.

Lakini maji hayakuja kwa namna ambayo wengi hudhani. Mchana kutwa upepo ulivuma kutoka kaskazini na kuyasukuma maji ya hori yaingie mjini kwa nyuma, huku Ghuba ikipanda kwa mbele. Bahari mbili zikakutana mitaani. Jioni upepo ukageuka. Cline aliandika kwamba akiwa amesimama mlangoni kwake, maji yalipanda mita 1.2 katika sekunde nne. Kipima upepo cha kituo chake kilikuwa kimekwisha kung'olewa baada ya kuandika maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160, na kimbunga kilikuwa bado hakijafika kileleni. Nyumba za karibu na ufuko zilipovunjika, mbao zake zikajilundika kuwa ukuta, na ukuta huo ukisukumwa na mawimbi ukawa unazigonga nyumba zilizofuata. Nyumba zaidi ya 3,600 ziliangamia. Katika nyumba ya Cline mwenyewe walikuwamo watu wapatao 50 waliokimbilia hifadhi, wakanusurika 18. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, hakuwa miongoni mwao.

Kando ya bahari palikuwa na kituo cha yatima cha St. Mary's. Masista walichukua kamba ya kuanikia nguo, wakajifunga nayo kiunoni pamoja na watoto, kila sista na wake, ili maji yasiwatenganishe. Walikufa masista 10 na watoto 90. Wakapona wavulana watatu tu, walioshikilia mti uliokuwa ukielea. Nimesoma habari hii mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye kamba ile. Upendo ulioifunga haukuwa na kasoro hata kidogo. Kilichokosekana ni habari, ambayo kama ingefika siku moja kabla, watoto wale wangelala bara.

Basi, je, habari ilikuwepo?

Wanaomtetea Cline na ofisi yake wana hoja nzito, na si haki kuzipita juujuu. Meli za wakati ule hazikuwa na redio. Kimbunga kilipotoka Cuba tarehe 5 Septemba na kuingia Ghuba ya Mexico, hakuna aliyeweza kukiona isipokuwa mabaharia waliokuwa ndani yake, nao hawakuwa na njia ya kusema mpaka wafike bandarini. Dalili alizofundishwa Cline hazikuonekana zote. Katika ripoti yake alieleza kwamba ile rangi ya vumbi la matofali, ambayo huonekana angani kabla ya kimbunga, haikutokea hata kidogo. Sheria ya ofisi nayo ilimfunga mikono, kwani onyo la kimbunga lilitolewa na makao makuu ya Washington peke yake. Hata hivyo alfajiri ya Jumamosi alituma telegramu kueleza kwamba bahari imeingia mjini kinyume cha upepo, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kisha, kwa maelezo yake, alikwenda ufukweni na farasi akiwahimiza watu waondoke. Wapo watafiti wanaoitilia shaka habari ya farasi kwa sababu waliosalimika hawakuizungumzia sana. Mimi siwezi kumwita mwongo mtu aliyemzika mkewe kwa sababu tu majirani waliokuwa wakizama hawakumkumbuka farasi wake.

Na iko hoja nyingine: hata onyo lingetoka, watu 38,000 wangekwenda wapi? Kisiwa kiliunganishwa na bara kwa madaraja matatu ya reli na moja la magari ya kukokotwa, na yote manne yalivunjwa. Garimoshi moja lililotoka Beaumont lilifika rasi ya Bolivar, ng'ambo ya kisiwa, likashindwa kuvuka. Abiria wachache waliteremka na kutembea majini hadi kwenye mnara wa taa, wakapona pamoja na watu wapatao 200 waliokuwa wamejibana kwenye ngazi zake. Abiria 85 waliobaki ndani ya mabehewa walikufa.

Hoja hizo nazikubali, lakini kwa sehemu. Zinaelezea Jumamosi, ilhali lawama ninayoiona mimi haianzii Jumamosi.

Mwaka 1891 Cline aliandika makala katika gazeti la Galveston News. Alisema kwamba kudhani kimbunga kinaweza kuudhuru vibaya mji huo ni upuuzi. Sababu alizotoa zilikuwa mbili kubwa. Kwanza, vimbunga vya West Indies, yaani visiwa vya Karibi, hupinda kaskazini kabla ya kufika Texas. Pili, bahari ya mbele ya Galveston ina kina kifupi kinachoongezeka polepole, kwa hiyo mawimbi yangevunjika nguvu mbali na ufuko. Ukweli ni kinyume kabisa. Kina kifupi ndicho kinachoyafanya maji yanayosukumwa na kimbunga yakose pa kushuka, yapande juu. Makala ile ilikuwa kosa la kitaalamu, na wataalamu hukosea. Ila wakati inaandikwa ushahidi wa kuipinga ulikuwa pwani hiyohiyo ya Texas. Mji wa bandari wa Indianola ulipigwa na kimbunga mwaka 1875, ukajengwa upya, ukapigwa tena mwaka 1886 na safari hiyo ukahamwa. Wazee walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Baada ya Indianola, wakubwa wa Galveston walizungumza habari ya kujenga ukuta wa kuzuia bahari, kisha mazungumzo yakapoa. Ukuta ni gharama, mji ulikuwa ukitajirika kwa pamba, na mtaalamu wa serikali alikuwa ameshawapa wasiotaka kulipa sababu ya kulala usingizi. Kwa hiyo Cline simtwishi mzigo wote. Naona alitoa maneno ambayo wenye fedha walitaka kuyasikia, wakayashika.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, lilitokea Cuba. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa chini ya jeshi la Marekani baada ya vita vya mwaka 1898. Huko Havana palikuwa na kituo cha hali ya hewa cha Belén cha mapadre Wajesuiti, ambako Padre Benito Viñes alikuwa ametoa onyo la kimbunga kabla hakijafika tangu mwaka 1875. Alijifunza kusoma mawingu ya juu, alijenga mtandao wa waangalizi na wapiga telegrafu, na alipofariki mwaka 1893 watu wa Cuba walikuwa na utaalamu wa vimbunga kuliko pengine popote duniani. Maafisa wa hali ya hewa wa Marekani waliuona utaalamu huo kama uchochezi wa hofu. Ofisi yao, chini ya Willis Moore, iliogopa hata kulitamka neno lenyewe la kimbunga wakati wa kutoa taarifa. Mwishoni mwa Agosti 1900, msimu wa vimbunga ukiwa umeiva, habari za hali ya hewa zilizotoka kwa Wacuba zikapigwa marufuku kwenye telegrafu za serikali kisiwani humo.

Kimbunga kikapita juu ya Cuba siku chache baadaye. Washington ikatangaza kwamba kitapinda kaskazini, kipite Florida na kupanda pwani ya Atlantiki, kama vinavyofanya vingi. Padre Lorenzo Gangoite, aliyekuwa Belén, aliona kwamba dhoruba ile imepata nguvu baharini na inaelekea Texas. Alisema kweli, na kweli yake ikabaki Havana.

Mtetezi wa Washington ataniuliza kama maneno ya Gangoite yangeokoa mtu. Huenda yangefika mezani kwa Moore na kutupwa. Huenda watu wa Galveston wangeyasikia na kuendelea kutazama mawimbi. Hilo nalikubali, kwa kuwa wengi walikataa kuondoka hata maji yalipofika sebuleni. Lakini utetezi wote wa kwamba sayansi ilikuwa changa unaanguka hapa. Sayansi iliyokuwa changa ni ya upande mmoja. Ya upande wa pili ilikuwa imekua, ikafungwa mdomo kwa sababu wenyewe walikuwa watawaliwa waliozungumza Kihispania. Kutojua kwa bahati mbaya ni jambo la kusamehewa. Kutojua kwa amri hakusameheki kirahisi.

Na tabia hiyo ya kuchagua nani ni mtu haikuisha bahari ilipotulia. Maiti zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilipakiwa kwenye tishari, zikafungwa uzito na kutupwa Ghubani. Mawimbi yakazirudisha ufukweni, ikabidi zichomwe kwa moto uliowaka wiki kadhaa. Wanaume weusi walishikiwa bunduki ili wafanye kazi hiyo ya kupakia, wakipewa pombe kali waweze kuistahimili, huku baadhi ya magazeti yakieneza habari kwamba weusi ndio waliokuwa wakiwaibia wafu. Walikuwa wamefiwa kama wengine.

Haki inanitaka niuseme pia upande uliofanya vizuri, maana Galveston hii iliyotekwa na usingizi iliamka ikafanya kazi ya kustaajabisha. Wahandisi watatu, mmoja wao Henry Robert, walichora ukuta wa zege wenye kimo cha mita 5.2. Sehemu ya kwanza, karibu kilomita tano, ilikamilika mwaka 1904. Kisha mji wenyewe ukainuliwa: nyumba zaidi ya 2,000 zilinyanyuliwa kwa jeki, na mchanga uliochotwa baharini ukasukumwa kwa mabomba kuzijaza chini. Kanisa la St. Patrick, lenye uzito wa tani 3,000, lilinyanyuliwa vivyo hivyo. Kwa miaka kadhaa watu walitembea juu ya vijia vya mbao huku mji ukipanda. Mwaka 1915 kimbunga chenye nguvu zinazokaribia za kile cha kwanza kilipokuja, waliokufa kisiwani walikuwa makumi, si maelfu. Kwa wasemao hakuna kilichoweza kufanyika, jibu ni hilo. Lilifanyika, miaka minne baadaye, kwa zana za zama zilezile.

Ukuta nao una deni lake. Mawimbi yanayougonga yameula ufuko uliokuwa mbele yake, na hauzuii maji yanayokuja kwa mlango wa nyuma. Septemba 2008 kimbunga Ike kiliyaingiza maji mjini kupitia hori, njia ileile iliyotumika mchana wa mwaka 1900.

Cline alihamishiwa New Orleans mwaka 1901. Hakuacha kazi ya vimbunga. Miaka ile ambayo wenzake wengi waliendelea kupima upepo na mgandamizo wa hewa, yeye alikusanya vipimo vya kupanda kwa bahari, kimbunga baada ya kimbunga, akivilinganisha na njia ya kila dhoruba. Mwaka 1926 alivitoa kitabuni. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba bahari inayopanda mbele ya kimbunga ndiyo dalili ya kuaminika ya mahali kitakapopiga, na kwamba maji ndiyo yanayoua.