Msiutoe mkate uliolala kwenye Maultaschen

Siku hizi Maultaschen, vile vifuko vya unga wa ngano vyenye mjazo ndani, zinajazwa samaki, jibini la mbuzi, hata nyama tupu. Kila mtu na ladha yake. Lakini pishi linalouacha mkate uliolala linaniuma, maana mkate ndio uliokibeba chakula hiki cha Schwaben, kusini-magharibi mwa Ujerumani.

Tazama zinavyopikwa. Unga wa ngano hukandwa kwa mayai na chumvi, ukasukumwa hadi uwe mwembamba. Juu yake hupakwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na nyama mbichi laini ya soseji, spinachi, vitunguu vya kukaanga, mayai, kungumanga kidogo, na mkate mkavu uliorowekwa ukakamuliwa. Hukunjwa, hukatwa, kisha huchemshwa kwa moto mdogo. Mkate ndio unaonyonya maji ya nyama na kuulainisha mjazo wote. Ukiutoa, umebaki na kababu iliyovishwa unga.

Wageni husimuliwa zaidi kisa cha watawa wa monasteri ya Maulbronn, eti walificha nyama ndani ya unga wakati wa Kwaresma ili Mungu asiione. Ni kisa kitamu, na hadi leo familia nyingi huko huzila Alhamisi Kuu au Ijumaa Kuu. Mimi sikiamini. Naliamini zaidi jiko la mama mwenye watoto wengi na nyama kidogo, asiyetupa kitu. Hata Maultaschen zenyewe zikilala, kesho yake hukatwa vipande, zikakaangwa kwa siagi na kuvunjiwa yai. Kiporo hicho nakipenda kuliko zile za kwenye supu, hasa kikiwa na saladi ya viazi ya kwao: supu ya moto, siki na mafuta, bila mayonezi.

Ndiyo maana kesi ya mjini Konstanz, kusini mwa Ujerumani, ya mwaka 2009 hainitoki. Mhudumu wa nyumba ya wazee, aliyefanya kazi hapo miaka mingi, alifukuzwa kwa kuchukua Maultaschen 6 zilizobaki baada ya wazee kula, ambazo zingetupwa. Mahakama ya kazi ya Radolfzell ilimpa haki mwajiri. Mwaka uliofuata, kwenye rufaa, pande mbili zilipatana alipwe euro 42,500. Mtu anapoteza kazi kwa mabaki ya chakula kilichobuniwa ili mabaki yasipotee! Bado naona ni aibu.

Mwaka huohuo wa 2009 Umoja wa Ulaya ulililinda jina: “Schwäbische Maultaschen” (yaani Maultaschen za Schwaben) lazima zitengenezwe katika jimbo la Baden-Württemberg au mkoa wa Schwaben ulioko jimbo la Bavaria. Nimefurahi, ingawa ulinzi ninaoutaka mimi uko jikoni. Ukitaka kuzipika, usianze na bucha. Nunua mkate, uuache siku mbili ukauke, uroweke, ukamue kwa mikono, ndipo ufikirie nyama.