Babu hakuwepo siku ile

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikisimulia nilivyozipata habari za kifo cha Mwalimu Nyerere. Alhamisi, 14 Oktoba 1999. Nimekaa barazani na babu, redio yake ya betri iko kati yetu, Rais Mkapa anatangaza kwamba Mwalimu amefariki London. Babu anavua kofia, anaiweka magotini, hasemi neno.

Idi iliyopita nikaisimulia tena mbele ya watoto. Dada alisubiri nimalize. "Mdogo wangu, babu si tulimzika Machi mwaka ule ule?" Nikabisha. Akaingia ndani, akatoka na daftari la mama la mazishi na michango. Machi 1999, kwa mwandiko wa mama mwenyewe.

Sikuwa naongopa, na hilo ndilo lililonisumbua. Faraja nimeipata kwa mwanasaikolojia Ulric Neisser. Yeye alikumbuka vizuri kabisa kwamba habari za shambulio la Pearl Harbor, 7 Desemba 1941, zilimkuta akisikiliza mechi ya besiboli redioni. Miaka mingi baadaye ndipo akashtuka: Marekani hakuna ligi ya besiboli mwezi wa Desemba!

Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 1986, Neisser hakusubiri. Asubuhi ya pili aliwapa wanafunzi wa chuo chake huko Atlanta karatasi waandike habari ziliwafikia wakiwa wapi, na nani. Karibu miaka mitatu baadaye yeye na mwenzake Nicole Harsch waliwauliza tena 44 kati yao. Robo nzima walikosea kila kitu cha msingi, na wengi wa waliokosea walijibu kwa uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kumbukumbu za kwanza hazikurudi.

Maelezo ya jambo hili mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alikwisha kuyatoa mwaka 1932. Tunapokumbuka, tunalijenga tukio upya kwa mabaki tuliyonayo, na palipo na pengo tunajaza kwa yale tuliyoyazoea. Kwangu inaingia akilini. Baraza, redio, babu na kofia yake vyote vilikuwepo kweli, jioni nyingi kabla ya ile. Habari nzito ikaja, ikahitaji mahali pa kukaa, ikaenda kukaa kwa babu. Na kila niliposimulia nilikuwa napiga plasta juu ya plasta.

Ya babu hayana madhara. Ninaloliogopa ni la mashahidi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari, kisha wakawauliza mwendo wake. Kundi moja waliulizwa magari "yalipopondana", jingine "yalipogongana". Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la "kupondana", 16 kati ya 50 walisema ndiyo. La "kugongana", 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika. Neno moja tu la muulizaji!

Sasa fikiria kesi zetu za mipaka ya mashamba. Mzee anasimama kueleza mkonge ulipandwa wapi miaka 40 iliyopita, na kabla ya kufika pale ameshakaa jioni kadhaa na wanaukoo wakimkumbusha. Akisita, tunasema hajui. Akinyoosha kidole bila kusita, tunampa ushindi. Mimi naona tunaupa uhakika wa mtu uzito usio wake, na wa upande wa pili aliyekumbuka vingine tunamwita mwongo bure. Ningelikuwa mjumbe wa baraza la ardhi ningeanza na swali hili: nani aliandika, na aliandika lini?

Dada ameniruhusu niendelee kusimulia, ila nimtoe babu. Nimejaribu. Redio ikianza tu, anavua kofia.